Tumehamia uani, nyumba kubwa tumeipangisha

Nyumba yetu ya Tabata ina vyumba vinne vya kulala, sebule, chumba cha kulia, jiko, stoo na baraza linalotazama geti. Humo anaishi kijana mmoja mtumishi wa benki, mkewe na watoto wao watatu. Mimi na mke wangu tuko nyuma yao, katika nyumba ya uani yenye vyumba viwili, kisebule na jiko, ile ambayo majirani wameizoea kwa jina la banda la mfanyakazi. Hatukufukuzwa na mtu, hatudaiwi, wala hakuna aliyetudhulumu. Tulihama kwa miguu yetu na pango linaingia kwenye akaunti yetu. Nayasema haya mapema kwa sababu karibu kila anayetutembelea huanza kwa kutupa pole.

Pole ya nini? Mtaa wetu umejaa wazee wawili wawili, wengine mmoja mmoja, ndani ya nyumba za vyumba vitano na sita. Jioni ukipita utaona taa ya geti na taa ya sebuleni, basi. Vyumba vingine vimefungwa na funguo zimetundikwa jikoni. Sensa ya 2022 ilikuta wastani wa watu 4.3 kwa kaya nchini. Sisi tulikuwa wawili, na kila mwezi tulimlipa binti wa kudeki vyumba visivyolaliwa na mtu. Naamini mzee mwenye nyumba kubwa ana haki ya kuipunguza akiwa bado na nguvu za kuchagua mwenyewe abaki na kikombe kipi. Naamini pia kwamba wanaotuzuia zaidi ni wale wanaotupenda.

Mimi ni mpima ardhi mstaafu. Mwaka 2002 serikali ilipoanza mradi wa viwanja 20,000 Dar es Salaam, nilikuwa miongoni mwa waliokuwa porini na vyombo vya upimaji: Bunju, Mbweni, Kibada, Tuangoma, mpaka Buyuni. Watu walikuja kuonyeshwa viwanja vyao wakiwa na viatu vya ofisini, wengi wao wana miaka arobaini na kitu. Wote waliuliza ni mita za mraba ngapi. Aliyepata kiwanja cha ujazo wa juu, yaani kidogo, alinuna. Aliyepata kikubwa alitununulia soda. Sikumbuki hata mmoja aliyeniuliza zahanati itajengwa upande gani, au daladala zitaishia wapi siku atakapokuwa na miaka sabini na goti linalouma.

Sawa, mtu wa miaka arobaini hana habari na goti. Lakini tazama nyumba zetu zinavyojengwa. Wachache sana katika rika langu walijenga kwa mkopo wa nyumba wa benki. Tulijenga kwa mshahara, posho za safari na mkopo wa SACCOS: mwaka huu msingi, mwakani kuta, halafu boma linaota majani mpaka ipatikane pesa ya lenta, kisha kupaua, kisha madirisha, kisha plasta. Miaka kumi ni kawaida na kumi na mitano si ajabu. Ramani ilichorwa mtoto mdogo akiwa ananyonya. Siku vigae vya korido vinakamilika, huyo mdogo yuko chuoni Dodoma na kaka yake amepanga Mwanza. Kwa hiyo nyumba inakwisha wakati waliochorewa vyumba wameshaondoka.

Baada ya hapo kinakuja kiinua mgongo. Wenzangu wengi niliostaafu nao walichukua mkupuo wao wakaupeleka moja kwa moja kwa fundi: jipsamu, vigae, geti la kuteleza, uzio. Siku hizi mkupuo wenyewe umepungua. Kuanzia Julai 2022 watumishi ambao zamani wangepewa nusu ya mafao yao kwa mkupuo walipewa asilimia 33, na mwaka 2024 serikali ikapandisha hadi 40. Malumbano ya kikokotoo cha mafao yamejaza magazeti, na nawaunga mkono wanaolalamika. Ila sijasoma bado makala inayouliza pesa hizo zikishapatikana zinakwenda wapi. Zinakwenda ukutani. Mzee anabaki na pensheni ya mwezi na jengo linalotaka kulishwa: bati linavuja, mchwa wako kwenye fremu, rangi imebabuka upande wa jua, tangi la maji limepasuka, mlinzi anadai mshahara wake. Nawajua watu wanaokula dagaa mchana na usiku chini ya dari ya jipsamu, na wala si kwa kuwa wanapenda dagaa.

Wazee wa Kariakoo, Ilala na Magomeni walilimaliza jambo hili kabla sisi hatujazaliwa. Nyumba ya Kiswahili ina korido inayotoka mlango wa mbele mpaka uani, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto, na nyuma kuna ua wenye jiko, bafu na choo. Kila chumba kina mlango wake kwenye korido. Mwenye nyumba akiwa na watoto wadogo anachukua vyumba vinne na kupangisha viwili. Vijana wa kiume wakibalehe wanapewa chumba cha mbele. Binti akiolewa, chumba chake kinapata mpangaji. Mume akitangulia, bibi anabaki na chumba kimoja na baraza la kukaa jioni, na vitano vinamlisha. Hajahama wala hajauza. Hakumwomba mtu ruhusa. Na akianguka bafuni usiku, kuna watu wa kumsikia.

Nilipoanza kazi nilipanga chumba Magomeni kwa bibi wa namna hiyo. Hakujua kusoma, lakini hesabu za vyumba vyake alikuwa nazo kichwani kuliko karani yeyote wa wizara yetu. Mwisho wa mwezi alipita koridoni na kanga yake begani, hagongi mlango, anakohoa tu, nawe unajua. Nilimwona mwanamke mwenye raha. Watoto wake walikuwa wakija Ijumaa na kuondoka na kitu, na siku hizo mimi niliona ni kawaida. Sasa ndiyo naona kwamba wazee wengi wanaokaa kwenye majumba makubwa mambo yao ni kinyume, wanasubiri watoto waje na kitu.

Kisha tukasoma, tukapata kazi, tukaidharau nyumba ya bibi. Tuliiona ya wapangaji, ya zogo la bili ya umeme na foleni ya bafu. Tukataka nyumba ya kisasa: mlango mmoja wa mbele, sebule katikati, vyumba vyote vinafungukia ndani, jiko moja, mita moja ya umeme. Nyumba hiyo haipunguziki. Ukimpangisha mtu chumba, atapita mbele ya televisheni yako na taulo kiunoni akienda kuoga. Unaikaa yote au unaiacha yote. Mimi kama mtaalamu wa ardhi naona hapo tulirudi nyuma, ingawa hii imechorwa na msanifu mwenye shahada na ile ilichorwa na fundi kwa kijiti mchangani.

Bahati yetu ni kwamba tulijenga uani kwanza. Wengi tulifanya hivyo miaka ya tisini. Umepata kiwanja, kodi ya nyumba inakuumiza, basi unainua vyumba viwili nyuma, unahamia, na unasimamia ujenzi wa mbele usiibiwe saruji. Watoto wetu wawili wa kwanza walilelewa humo. Tulipohamia mbele, banda likawa la binti wa kazi, baadaye la shemeji aliyekuja mjini kutafuta maisha, baadaye la kuku na magunia ya pumba. Tulipoamua kurudi tulibadilisha bati, tukapanua dirisha la chumbani, tukaondoa kizingiti mlangoni, tukaweka choo cha kukaa na vyuma vya kushika ukutani. Mke wangu alitaka dirisha la jiko litazame mwembe, likatazama mwembe. Tukaomba mita ya pili ya umeme, tukatoboa geti dogo kwenye uchochoro wa nyuma ili tusipite kila saa mbele ya baraza la watu. Karo ni moja kwa nyumba zote mbili, na gharama ya kunyonya tunagawana. Jambo hilo limeandikwa kwenye mkataba kwa maneno ya wazi, maana nawajua majirani waliofikishana serikali ya mtaa kwa ajili ya karo.

Wapo walioniuliza kwa nini sikumega kiwanja nikauza kipande cha mbele. Nimewamegea watu viwanja miaka mingi. Inatakiwa michoro ya mipango miji ibadilishwe, upimaji urudiwe, hati ya zamani irejeshwe, na mwisho wa yote unagundua kipande cha nyuma hakina barabara. Kupangisha kunaniachia mlango wazi. Tukiumwa tukahitaji pesa nyingi kwa mara moja, nyumba bado ni yetu.

Kabla ya dalali kuleta mtu, kulikuwa na kikao. Watoto ndio waliokiitisha. Mmoja alikuwa kwenye simu, spika imefunguliwa, anatusikia kutoka Mwanza. Mkubwa alianza kwa heshima zote: "Baba, watu watasema tumewatupa." Dada yake hakuzunguka: "Mama atalalaje chumba cha dada wa kazi?" Mama yake akamjibu, "Nililala humo na wewe mgongoni, na hukulalamika." Wakacheka, nikadhani tumemaliza. Ndipo yule wa kwenye simu akauliza lile ambalo wenzake walikuwa wanalizunguka: "Sasa urithi wetu unakaaje?"

Niliisoma sheria kwa sauti. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinamkataza mume au mke kuuza, kutoa zawadi, kupangisha au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Mke wangu alikuwa ameridhia, tena wazo lilikuwa lake kabla halijawa langu. Watoto hawakutajwa kwenye kifungu hicho. Mirathi inaanza mtu akishakufa, na mimi nilikuwa nimekaa pale nakunywa chai.

Najua maneno hayo yanasikika makali, na nyumbani kwetu yaliacha ukimya wa wiki kadhaa. Lakini nimeshuhudia upande wa pili. Kazini nimeitwa mara nyingi kupima nyumba za marehemu. Unakuta ndugu watano, kila mmoja na futi yake mkononi, wanabishana kuhusu mita mbili za upande wa choo. Nyumba iliyotunzwa miaka yote "kwa ajili ya watoto" imefungwa, imeota michongoma, kesi iko mahakamani, na mama mjane alikufa akiwa na madirisha ya aluminiamu na bila pesa ya dawa ya presha. Watoto hao si wabaya. Walifundishwa kwamba nyumba ya baba ni yao, na baba mwenyewe ndiye aliyewafundisha. Mzazi akila pango la nyumba yake leo, anapunguza pia idadi ya mara atakazowapigia simu kuomba, na hilo wangelipigia hesabu wangelipenda.

Vitu ndivyo vilivyotuchosha kuliko mawazo. Nyumba ya vyumba vinne inajaa bila wewe kujua. Kabati la vioo la sebuleni lilikuwa na vyombo vya wageni ambavyo wageni hawakuwahi kulishwa navyo, kwa kuhofia vitavunjika. Yale makochi makubwa hayakuweza hata kupita mlango wa uani. Sufuria za shughuli, zile za kupikia pilau ya watu mia, tuliwapa kikundi cha akina mama wa mtaani ambacho mke wangu ni mwanachama wake. Sasa anaziazima kama wengine. Mimi nilikuwa na makabati ya ramani. Nikabaki na futi ya chuma ya mita 50 na ramani za Kibada, kwa sababu ambazo sikutaka kumweleza mtu.

Lakini zaidi ya nusu ya vitu havikuwa vyetu. Vilikuwa vya hao hao waliokuwa wanatukataza kuhama: maboksi ya madaftari ya sekondari, magodoro ya bweni, friji mbovu ya mmoja, vitanda vya watoto wa mwingine, gauni la harusi ndani ya mfuko wa plastiki, magurudumu ya gari lililouzwa zamani. Watoto wetu walikuwa wameondoka nyumbani na kutuachia kazi ya bohari. Tuliwapa muda wa kuja kuchukua. Mmoja alikuja. Wawili walisema "tutaona, Baba." Tarehe ilipofika tukawaita wanunuzi wa vitu vya mitumba, na ghafla pikipiki za mizigo zikapatikana.

Baada ya hapo likaja swali ambalo sikulitegemea, na kila mtu aliliuliza kwa sauti ya chini: msiba ukitokea, utakaa wapi? Wasomaji wa mijini mtacheka, lakini kwetu hilo ni swali la haki. Watu wengi wa umri wangu, ukiwabana waeleze kwa nini wanahitaji sebule ya mita sita kwa nane, watakwambia ni ya siku ya msiba wao. Yaani mtu anafagia, anapaka rangi na kulipa mlinzi miaka ishirini kwa ajili ya siku nne ambazo yeye mwenyewe atakuwa amelala jenezani. Na hata siku hizo watu hawakai sebuleni. Wanakaa chini ya turubai, kwenye viti vya kukodi, na wanawake wako nyuma wanakopikwa. Makochi huwa yametolewa nje siku ya kwanza. Mimi nimeliweka kwenye mkataba: ukitokea msiba upande wetu, ua wa mbele utatumika mpaka matanga yaanuliwe, na mpangaji atapunguziwa kodi ya mwezi huo. Kijana wa benki alisoma kipengele hicho mara mbili, akaniangalia, akaniambia, "Mzee, Mungu akupe umri," akatia saini. Dalali alikuwa anahangaika kuficha kicheko.

Kuna jambo moja tumelipoteza kweli. Mgeni njoo mwenyeji apone, na nyumba yetu ya mbele ilikuwa kituo cha ndugu waliotoka kijijini kwetu Usangi kuja kutibiwa Muhimbili na Ocean Road. Walikuja na gunia la ndizi na bahasha ya rufaa, wakakaa mwezi, wengine miezi mitatu. Shangazi yangu aliyekuwa anachomwa mionzi alilala chumba cha pili kulia, na nafurahi kwamba alilala kwetu. Uani kuna chumba kimoja cha ziada chenye kitanda kimoja. Akija mgonjwa na msindikizaji, msindikizaji tunamlipia gesti iliyo karibu, kutoka kwenye pango. Si sawa na kukaa pamoja. Binamu mmoja ameshasema kijijini kwamba sisi tumekuwa Wazungu, na sina jibu la kumridhisha, isipokuwa kwamba mke wangu alikuwa na miaka sitini na mitano akichemsha maji ya kuoga ya watu saba. Ndugu wanaotaka nyumba kubwa ibaki wazi nawashauri waje na mtu wa kuchemsha hayo maji.

Basi rudini Usangi, wanasema wengine. Ni njia ya watu wengi wa Kilimanjaro, na tuna nyumba huko pia, bati jekundu, juu ya kilima, inayofunguliwa Desemba. Hebu tuwe wakweli kuhusu nyumba hizo za Desemba. Mtu ana jumba tupu mjini na jumba tupu kijijini, na analipa walinzi wawili wa kulinda hewa. Milima ya Upare ni mizuri, hewa yake siiachi, lakini njia ya kwenda kwetu ni ya kupanda, mvua ikinyesha inateleza, na mimi kliniki yangu iko Dar es Salaam, hapohapo na wajukuu na watu ninaocheza nao bao. Aliyezoea kijiji na arudi. Sisi tumeishi Tabata zaidi kuliko tulivyoishi Usangi.

Ghorofa je? Machi 2022 kaya 644 za Magomeni Kota zilirudi mahali zilipovunjiwa nyumba zao za zamani, zikakuta maghorofa, na wazee wengi walikuwa miongoni mwao. Sheria ya hati sehemu, inayomwezesha mtu kumiliki nyumba ndani ya jengo la ghorofa, tunayo tangu 2008. Kwa mzee wa mjini fleti ya vyumba viwili ina mantiki: hakuna uzio wala bati la kubadilisha, na majirani wako ukutani. Ningeifikiria kama wajenzi wangetuwekea za chini kwa ajili ya wenye magoti yetu. Kwa sasa wanaojenga fleti za kuuza wanamtazama kijana mwenye gari na mtu wa ughaibuni. Umeme ukikatika na lifti ikasimama, mzee wa ghorofa ya saba ni mfungwa mpaka urudi.

Kuhusu muda wa kuhama, nina msimamo mkali zaidi. Jirani yetu mmoja, mjane, alikataa kata kata kuondoka kwenye nyumba yake, na tulimheshimu. Akapata kiharusi. Watoto walikuja Jumamosi na gari la kubeba mizigo, wakampeleka kwa binti yake Kibaha, nyumba ikafungwa. Hakuulizwa achukue kiti gani. Watoto walifanya walichoweza kwa siku moja waliyopewa ruhusa kazini, na siwalaumu. Ninachosema ni kwamba kuhama kutakuja. Sisi tulichukua karibu mwaka mzima, tukibishana kuhusu kila sufuria, na mabishano hayo tulikuwa na nguvu nayo. Miaka mitano baadaye tusingekuwa nayo.

Maisha ya uani yana adabu zake na bado tunajifunza. Mwenye nyumba anayekaa nyuma ya mpangaji wake ana kishawishi cha kuchungulia. Nilikuwa na desturi ya kumwagilia maua ya mbele alfajiri. Siku moja mke wa mpangaji akafungua mlango na khanga moja, tukashtuka wote, na tangu siku hiyo maua ni yake. Wamepaka baraza rangi ambayo mimi nisingeichagua hata kwa bunduki. Mke wangu anapata shida zaidi, kwa sababu anaona jinsi binti wa kule mbele anavyoanika nguo bila kukung'uta, na ulimi unamwasha. Lakini watoto watatu wanapita geti la ndani jioni wanasema "shikamoo Babu," wanaokota embe, wanaondoka, na sisi hatuwaandalii chakula cha usiku. Kwa mtu wa umri wangu huo ni mpango mzuri sana.

Kifedha, kodi ya majengo inakatwa kwenye LUKU kwa kila nyumba, asilimia 10 ya pango ni ya TRA, mwezi mmoja wa mwanzo alikula dalali, na nimetenga sehemu ya bati la mbele maana litakuja. Kinachobaki kinazidi pensheni yangu. Mwajiri wangu wa miaka thelathini na kitu alinipa kidogo kuliko kuta nne za mbele.

Kwa mwenye miaka arobaini ambaye Jumamosi hii yuko saiti anahesabu tofali, nina ombi la kiufundi. Kama hujajenga uani, jenga, na uijenge kana kwamba ni wewe utakayelala humo: choo ndani, mlango mpana, dirisha la upande wa upepo. Kama kiwanja hakitoshi, basi chora nyumba yenyewe igawanyike, vyumba viwili vya mwisho viwe na ukuta wao kamili, bomba lifike huko, na waya wa umeme upitishwe peke yake. Mwambie fundi aache nafasi ya mlango wa pili upande wa nyuma. Atakwambia utaharibu sura ya nyumba. Mwache aseme, lakini aweke lenta juu ya nafasi hiyo kabla hajaendelea na kozi za juu, kisha aizibe kwa tofali za udongo mwepesi. Siku ukiuhitaji mlango, kijana mmoja na nyundo atamaliza kabla ya saa sita mchana.